Pombe Niliyoipika Bila Kuionja

Mimi ni mpishi wa lotoko, na nasema hivyo bila kuinamisha kichwa. Wengine wanaiita kanyanga. Kwetu Mpofi, huku msituni, ni lotoko: pombe kali ya mahindi, inayotoka kwenye bomba tone kwa tone, nyeupe kama maji. Ukifika Mpofi ukauliza ya nani ni nzuri, mnywaji atakushika mkono akulete mpaka mlangoni kwangu, na mpishi mwenzangu atanuna kwanza, halafu atakuelekeza kwangu vilevile. Chema chajiuza. Sijawahi kumbembeleza mtu anunue. Na kwa miaka ishirini na moja ya kupika sikuwahi kuweka hata tone moja juu ya ulimi wangu.

Watu wakisikia hilo wanacheka. Wacheke tu. Mimi ni mtu wa kwaya. Niliingia kwaya ya kanisa letu nikiwa msichana, nikapewa sauti ya kwanza, na siku ya ubatizo niliapa mbele ya wote kwamba kinywa changu hakitaguswa na pombe. Katika kanisa letu mnywaji hafukuzwi, lakini anatengwa: hapewi Meza ya Bwana, na anakaa benchi la mwisho, karibu na mlango, mpaka atubu. Siku nilipoanza kupika, nilimwendea mchungaji mwenyewe nikamwambia, maana sipendi kusengenywa kwa jambo ninaloweza kulisema kwa mdomo wangu. Aliwaza kidogo, akasema, "Mama, mikono njo ya kazi. Kinywa njo cha Bwana. Chunga kinywa." Nikakichunga. Kuhusu bati za kanisa lile, na nani alichangia zaidi, sisemi kitu. Mchungaji anajua.

Basi nilijuaje kama pombe imekuwa nzuri? Kwa pua. Mahindi unayaloweka, unayafunika kwa majani ya mgomba mpaka yaote, unayaanika, unayatwanga. Unga huo ndio unaoamsha uji wa mahindi na muhogo ndani ya pipa. Siku ya tano ukiweka sikio pembeni unasikia uji unanong'ona kama mama wa kwaya wakati wa mahubiri. Siku ya kupika unawasha moto wa adabu, si moto wa hasira. Mvuke unapita kwenye bomba, bomba linapita kwenye maji baridi ya kijito, na kile kinachodondoka kina sehemu tatu: kichwa, tumbo na mkia. Kichwa kinanuka rangi ya kucha. Hicho ni sumu, kinapofusha watu, na mpishi anayekiuza ni muuaji hata kama anaimba vizuri. Mimi ninakimwaga. Tumbo linanuka mahindi ya kuchoma. Mkia unanuka blanketi lililolowa. Kazi yote ya mpishi ni kujua dakika ya kubadilisha chombo, na pua yangu inaijua dakika hiyo hata nikiwa na mafua.

Lakini pua ina mpaka wake, na mimi si mjinga. Kinywa cha kuonja kilikuwa cha bwana yangu, baba wa watoto wangu. Alikuwa mpasua mbao, mtu mrefu, mwenye mabega ya msumeno na maneno machache sana. Kila pipa lilipoisha kupikwa nilimpimia kijiko kimoja ndani ya kikombe chake cha bati cha rangi ya buluu. Alimeza. Aliangalia mlima. Halafu alisema, "Iko," na hapo nilijua ninaweza kuuza. Kama haikuwa nzuri alisema, "Bado," nami nilirudisha yote ndani ya pipa nikaipika tena. Nilikuwa nikimtania, "Ee papa, miaka yote hii umejifunza maneno mawili tu?" Naye alijibu, "Yanatosha."

Hakuwa mlevi. Kijiko kimoja kwa kila pipa, basi. Lakini kila miezi mitatu, kabla ya Meza, mzee wa kanisa husimama na kuuliza, "Nani amekunywa?" Walevi wa kweli huangalia miguu yao. Bwana yangu, ambaye hakuweza kusema uongo hata mbele ya askari wa barieri ya barabarani, alinyoosha mkono. Kwa hiyo Jumapili zote alikaa benchi la mwisho. Mimi nilikuwa mbele na kwaya, nimefunga kitambaa changu cha njano, na nikiulizwa nilisema mzee wangu anapenda upepo wa mlangoni. Nilimwuliza mara moja tu yeye mwenyewe. Akasema, "Kule kuko mupepo muzuri." Nikaridhika, nikaenda kufanya mazoezi ya wimbo.

Pua yangu ilinifundisha pia watu na mahali. Lotoko ya Pinga ina muhogo mwingi kuliko mahindi, ni laini lakini ina uchachu mwishoni, kama mtu anayekusalimia vizuri na kuondoka bila kuaga. Lotoko wanayopelekewa wachimbaji kule Rubaya inapikwa haraka haraka, kichwa na mkia vyote ndani, kwa sababu wale vijana baada ya kubeba mawe siku nzima hawatafuti ladha, wanatafuta moto. Nawahurumia, lakini sipiki hivyo. Ya kwangu ilikuwa ya mahindi karibu yote, na ya tumbo peke yake. Nilidhani hakuna kingine cha kujua.

Halafu barabara ilituletea Mmarekani. Kampuni iliyokuwa inatengeneza njia ilipiga kambi ng'ambo ya kijito chetu, na yeye alikuwa fundi wa zile mashine kubwa zinazosukuma udongo. Alizungumza Kifaransa chenye mashimo kuliko barabara yenyewe. Asubuhi moja alifuata harufu mpaka jikoni kwangu, akasimama mbele ya pipa, akavua kofia. Nilidhani amekuja kunishitaki. Kumbe alikuwa na furaha ya mtu aliyekuta jamaa yake ugenini. Alirudi mbio kambini akaja na chupa tatu, akazipanga juu ya kinu changu, na mpaka jua lilipofika utosini sisi tulikuwa bado pale, mimi ninanusa, yeye anaeleza, bwana yangu anameza.

Chupa ya kwanza ilikuwa nyeupe kama ya kwangu. Alisema hiyo ni whiski ya mahindi karibu matupu, na kwao si lazima ilale ndani ya mti. Ikilala, inalala ndani ya pipa kuukuu. Niliinusa nikacheka kwa sauti. Alikuwa binamu wa lotoko yangu kabisa! Nikamwambia mpishi wake alichelewa kukata mkia, blanketi liko mule ndani. Yule fundi alinusa, akanusa tena, akanitazama kama mtu aliyeonyeshwa tundu kwenye shati lake jipya.

Ya pili ilikuwa nyekundu kama chai. Hiyo ni mahindi zaidi ya nusu, alisema, na nafaka nyingine kidogo, na sheria ya kwao inadai ilale ndani ya pipa jipya la mti lililochomwa moto kwa ndani mpaka likapasukapasuka kama ngozi ya mamba. Ilinuka sukari iliyoungua, na vanila, ile wanayoilima watu siku hizi. Ya tatu ilikuwa ya nafaka ambayo sijaiona mpaka leo. Kwa Kifaransa aliiita segle. Aliichora kwa kijiti juu ya vumbi: suke jembamba, refu, lenye ndevu. Alisema inaota penye baridi na udongo mbaya, pale ambapo mahindi yanakata tamaa. Harufu yake ilinipiga kama pilipili kavu na nyasi zilizokatwa jana. Nikasema, "Hii iko na hasira." Akasema kwao wako watu wanaoipenda kwa hasira hiyohiyo. Na mimi niliipenda, kwa pua.

Bwana yangu alimeza ya kwanza akasema, "Iko." Alimeza ya pili akasema, "Iko." Ya tatu ilimchukua muda. Aliangalia mlima, akaangalia kikombe, akasema, "Hii inajibu." Niliruka! Mwanamume wa maneno mawili ameongeza mengine kwa ajili ya pombe ya Wazungu!

Wivu ulinishika, siwezi kuficha. Nikamwambia yule fundi kwamba nimeelewa: whiski ni lotoko iliyopewa mti na wakati. Mahindi ninayo, wakati Mungu ananipa bure, na mti? Ng'ambo yote hii ni msitu, na bwana yangu anapasua mbao! Yule fundi alicheka mpaka akakaa chini, lakini hakukataa. Barabara ilipomshinda alirudi kwao, na mimi nikaanza.

Kosa letu lilikuwa kosa la watu wa msitu: tulidhani mti wa heshima ndio mti wa ladha. Bwana yangu alichagua libuyu, mbao ambayo matajiri wa Goma wanatengenezea milango yao, akaikata vipande, nikavichoma juu ya makaa mpaka vikapasuka kama ngozi ya mamba, nikavitumbukiza ndani ya jerikani la lotoko yangu bora. Baada ya miezi miwili ilikuwa nyeusi. Pua yangu ilisema hapana, lakini nilikuwa na kiburi, nikampimia kijiko. Alimeza. Hakuangalia mlima, alikimbilia mtungi wa maji. "Mama," alisema aliporudi, "hii iko dawa ya minyoo." Tulicheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Mara ya pili tulikata mparachichi uliozeeka nyuma ya nyumba yetu. Tuliukausha juu ya dari la jiko, tukauchoma polepole, na badala ya jerikani tukatumia damijani, ile chupa kubwa ya kioo yenye kikapu, ambayo bwana yangu aliipata kwenye misheni kuukuu aliyoipasulia mbao. Baada ya mwezi alionja. "Bado." Baada ya miezi minane alionja tena, akashika damijani kwa mikono miwili kama anayempima mtoto uzito, akasema, "Bado. Lakini iko njiani." Akaisukuma chini ya kitanda. Haukupita muda, homa ikamshika, na kwa siku nne tu nikawa mjane.

Sitaandika mengi juu ya siku zile. Niliimba kwenye mazishi yake kwa sababu aliyepaswa kuimba sauti ya kwanza nilikuwa mimi. Baada ya arobaini nikarudi kwenye pipa. Kwa miaka mitatu nilipika kwa pua peke yake, hakuna wa kusema iko wala bado, na wateja hawakupungua. Kikombe cha buluu nilikitundika ukutani. Damijani sikuigusa, ila mara mojamoja niliinama chini ya kitanda, nikatoa kizibo, nikanusa, nikairudisha.

Mwanangu wa kwanza ni mwalimu kule Pinga. Huko alimpata mwalimu mwenzake, binti wa milima ya Masisi, mpole wa sauti na mkali wa macho, nikampenda siku ile ile. Familia yake ikaandika orodha ya mahari kama desturi ilivyo. Mbuzi, vitambaa vya mama, kasiksi, ile pombe ya ndizi, hayo yote tuliyategemea. Halafu chini kabisa, kwa kalamu nyingine: whiski ya Amerika. Mwanangu alisema ataagiza chupa Goma. Nilisimama.

"Nani? Miye? Nibebe pombe ya mupishi mungine, niipite ya kwangu?"

"Mama, kwa orodha wameandika whiski."

"Whiski iko nini? Mahindi, mti, na wakati. Ile iko chini ya kitanda."

"Mama, bataona haina karatasi, haina kizibo ya duka. Batakataa. Na bakikataa pombe..."

Hakumaliza, hakukuwa na haja. Huku kwetu pombe ikikataliwa posa yenyewe imekataliwa. Mnarudi nyumbani na mbuzi wenu, na kuanza upya ni jambo la msimu mzima, kama mlango haujafungwa kabisa. Nilijua hilo vizuri, nami nikamwambia aniachie.

Tulienda na pikipiki, mimi na mwanangu na mdogo wa marehemu bwana yangu, ambaye ndiye alikuwa msemaji wetu. Mbuzi na kasiksi vilitangulia. Damijani niliibeba mgongoni, nimeifunga kwa kitenge. Tuliposimama kupumzika mama mmoja aliyekuwa anauza maharagwe alikuja kuchungulia mtoto. "Mbona halii?" aliuliza. Nikamjibu, "Huyu atalia siku ya kufunguliwa." Aliona kizibo, akanipiga begani, akacheka mpaka akashika kiuno.

Masisi ni baridi, nyasi na ng'ombe kila upande, na watu wanakukaribisha kwa uangalifu. Tulikaa kwenye viti vilivyopangwa uwanjani. Mjomba wa binti ndiye aliyeongoza upande wao, mzee mwenye koti zito na fimbo, anayesikiliza akiwa amefumba jicho moja. Kasiksi ilipoletwa, msemaji wetu alimimina, akaonja yeye kwanza, kisha akampa. Hiyo ni desturi ya kwetu wote, msituni na milimani: aliyeleta anaonja mbele, ili mwenyeji ajue hajaletewa kifo. Nilikuwa nimelipangia hilo. Damijani nayo msemaji ataionja, na kinywa changu kitabaki cha Bwana.

Damijani ikawekwa mbele ya mzee. Aliizungusha, akaigonga kwa ukucha. "Tuliandika whiski ya Amerika," alisema. "Hii imetoka Amerika gani?"

Msemaji wetu alikohoa. Mwanangu aliangalia chini. Mtu mwenye akili angenyamaza, lakini hakuna aliyewahi kunisingizia akili ya kunyamaza. Nilisimama. Nikamweleza mzee kwamba whiski za Amerika ni namna tatu ninazozijua mimi: nyeupe ya mahindi, iliyo dada wa lotoko, nyekundu ya mahindi iliyolala ndani ya mti uliochomwa, na ile ya nafaka yenye ndevu, yenye hasira. Nikamwambia hii iliyo mbele yake ni ya namna ya pili, mahindi ya Mpofi na mparachichi wa nyuma ya nyumba yangu, imelala karibu miaka minne, na chupa ya dukani hakuna ajuaye nani aliipika wala alikata mkia saa ngapi. Watu walianza kunong'ona kwa kupendezwa. Nilikaa nikijiona nimeshinda.

"Mama, unajua kusema," mzee alisema. "Njo weye uliipika?"

"Njo miye."

"Na mikono yako?"

"Na mikono yangu."

"Vizuri. Basi onja mbele."

Msemaji wetu alinyoosha mkono achukue kikombe. Mzee akakirudisha kwake. "Apana, kaka. Kasiksi weye uliileta, weye umeonja. Hii iko na mwenye aliipika, na amesema mwenyewe mbele ya batu bote. Batu ba pori muko na dawa mingi." Watu walicheka, lakini si wote.

Yee, kinywa changu! Nilichokichunga miaka ishirini na moja ndicho kilichonitia mtegoni. Nilikasirika, na si kwa yule mzee, maana alikuwa na haki yake. Mpishi anayeogopa chungu chake mwenyewe, nani atakula kwake? Mwanangu aliinama karibu na sikio langu. "Mama, acha. Tutarudia siku ingine," alisema. Alijua kiapo changu, alikua akinisikia ninaimba. Kule mlangoni kulikuwa na pazia, na chini ya pazia niliona miguu ya yule binti, kucha zimepakwa rangi nyekundu, vidole vimekunjwa kushika udongo. Alikuwa amesimama pale anasikiliza kama ataolewa au la.

Nikachukua kikombe, nikamimina. Nikamwomba Mungu msamaha, kwa maneno machache, maana alikuwa ananiona. Nikanywa yote.

Moto kwanza. Nilikohoa, watu wakacheka, machozi yakanitoka. Halafu moto ukashuka, na nyuma yake yakaja mahindi ya kuchoma, matamu, na nyuma ya mahindi ukaja moshi wa jiko langu na kitu cha mviringo kama siagi ya parachichi. Pua yangu ilikuwa imesema kweli yote. Ila kulikuwa na kitu ambacho pua haikuwahi kuniambia: baada ya kumeza inabaki joto kifuani, taratibu, na unatafuta mahali pa kutazama. Nikajikuta naangalia mlima. Hapo nililia kweli, mbele ya wakwe, na sikuona haya. Mzee alidhani ni ukali wa pombe.

Alimimina yake. Akanywa, akafumba jicho la pili pia. Kisha alinyoosha kikombe kwangu na kusema, "Ongeza." Vigelegele vikapasuka nyuma ya pazia kabla hata ya mama wakubwa kuanza, na vidole vile vyekundu vikaondoka mbio.

Yule binti ni mkwe wangu leo, bado anafundisha, na ananisahihisha Kifaransa changu bila huruma. Kwa hilo sijuti hata kidogo.

Jumatatu baada ya kurudi nilikwenda kwa mchungaji. Angeliacha lipite, mzee wa watu. Alisema ilikuwa jambo la desturi, la kulazimishwa. Nikamwambia, "Kinywa kilikuwa cha Bwana. Nimekitumia." Akashusha pumzi, akanitenga mpaka Meza moja ipite. Nilikunja kitambaa changu cha njano, nikakikabidhi kwa kwaya, na Jumapili nikaenda kukaa benchi la mwisho nikiwa nimeinua kichwa, maana nilidhani ni miezi mitatu tu ya kukaa mahali pengine.

Lile benchi halina mgongo. Ni ubao mmoja tu, na mguu wa kulia ni mfupi, kwa hiyo unakaa umeinama upande. Mahubiri hayafiki, unasikia nusu ya neno. Upepo wa mlangoni unaleta moshi, na mvua ikianza inakulowesha magoti. Mupepo muzuri! Ee, papa! Kutoka pale huoni uso wa mtu, unaona visogo tu, na mbele kabisa, juu ya visogo vyote, unaona vitambaa vya njano vya kwaya. Pengo langu lilikuwa pale katikati. Nilielewa basi bwana yangu alichokuwa anakiangalia.

Jumapili ya Meza sahani ya mkate ilipita benchi kwa benchi. Ilifika benchi la mbele yetu. Mzee wa kanisa alikuwa mtu wa heshima, hakututazama. Aliigeuza sahani taratibu, akarudi nayo. Ni jambo dogo, mkono unageuka tu. Miaka kumi na nane ule mkono uligeuka mbele ya bwana yangu, kila miezi mitatu, kwa kijiko nilichompimia mimi, na mimi nilikuwa kule mbele nikiimba. Hakuwahi kuniambia. Na mimi niliyejisifu kwa pua inayonusa kila kitu sikuwahi kunusa hilo.

Wiki ile nilipika pipa jipya. Lilipoisha nilitoa kikombe cha buluu ukutani, nikapima kijiko kimoja, nikameza, nikangoja. Ilikuwa iko. Tangu hapo sijauza pipa bila kulionja mwenyewe.

Meza ya pili ilipokaribia, adhabu yangu ilikuwa imekwisha. Kwaya walikuja na kitambaa changu, kimefuliwa na kupigwa pasi. Mchungaji alinitabasamia kutoka mbele, na wenzangu wa sauti ya kwanza walisogea kuniachia nafasi. Mzee wa kanisa alisimama, akauliza kama kawaida, "Nani amekunywa?" Pembeni yangu walevi wawili waliangalia miguu yao. Mimi nikanyoosha mkono.